Anzeni na Kitambaa cha Meza

Hotuba hii ilitolewa mjini Tanga mbele ya wanafunzi wapya wa ushonaji, wazazi wao na mafundi cherehani walioalikwa. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazazi na walezi, mafundi wenzangu mliofunga vibanda vyenu asubuhi hii ili mje kutusikiliza, na ninyi wanafunzi ambao ndio sababu ya sisi sote kukusanyika hapa: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya kwanza ya mwanafunzi wa ushonaji. Najua wengi wenu mmekuja na picha za magauni kwenye simu zenu, na baadhi nimezitazama hapo nje kabla hatujaingia ukumbini. Binti mmoja amenionyesha gauni lenye mikono ya puto, kiuno cha kubana na zipu iliyofichwa mgongoni, akaniuliza atakaa muda gani kabla hajaweza kulishona. Sikumjibu pale pale, kwa kuwa jibu langu ni refu kuliko mazungumzo ya mlangoni. Hapa mtaanza na leso za mezani, zile za kufutia mikono na midomo. Mtafuata kitambaa chembamba kirefu kinacholala katikati ya meza. Kisha mtashona kitambaa kamili cha kufunika meza nzima, na gauni litasubiri mpaka pembe nne za kitambaa hicho zilale bila kuinuka.

Mzazi mmoja wa safu ya mbele ameguna. Mama yangu, nimekusikia. Unajiuliza: nimelipa ada ili mwanangu aje kushona vitambaa? Ndiyo, mama, na nitakueleza kwa nini.

Gauni lina huruma na mwanafunzi. Mwili wa mvaaji una mviringo, una mwendo, unapumua, na mshono uliopinda nusu sentimita ubavuni unaweza kupita sherehe nzima bila mtu kuuona. Meza haina huruma hiyo. Ukingo wa meza ni mstari ulionyooka, nao unakaa sambamba na upindo wako muda wote wa chakula, na kila aliyeketi hapo ana nafasi ya kutosha ya kulinganisha mistari hiyo miwili huku akisubiri wali. Nani atalaumiwa mistari hiyo isipolingana? Mezani hakuna mwili wa kuusingizia.

Alikuja kwangu kijana mmoja aliyekuwa amekaa kibandani kwa mjomba wake tangu akiwa shule ya msingi. Suruali alishona, mashati alishona, na alipoambiwa aanze na kitambaa cha meza pamoja na wenzake alicheka kwa adabu, akakimaliza kabla ya adhuhuri. Tulikitandika. Upande wa dirishani kitambaa kilining'inia chini kuliko upande wa mlangoni kwa upana wa vidole vitatu. Akakivuta, kikakaa sawa upande mmoja na kupotoka upande mwingine. Akakigeuza, hali ikawa ile ile. Aliutafuta ubaya kwenye mshono wake, na mshono ulikuwa hauna neno. Mimi mwenyewe ningejivunia mshono ule. Ubaya ulikuwa kwenye mkasi. Alikuwa amekata kwa kufuata maua yaliyochapwa juu ya kitenge, naye hakufuata nyuzi za kitambaa chenyewe.

Hapo ndipo penye somo la kwanza, na naomba mlisikilize vizuri kwa sababu watu hushona miaka mingi bila kuambiwa. Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande, ambazo zinakwenda kwa urefu wa jora, na nyuzi za mshindio, ambazo zinapita kwa upana kutoka ukingo hadi ukingo. Mtande na mshindio hukutana kwa pembe mraba. Maua ya kitenge au ya kanga huchapwa juu ya kitambaa ambacho kimeshafumwa, na mashine ya kuchapia haikulazimishwa na mtu kufuata nyuzi. Mara nyingi mchapo hukaa upande kidogo, nawe ukiufuata unakata mshazari bila kujua. Kitambaa kilichokatwa mshazari hujivuta, hujinyonga, na kila kikifuliwa hupotoka zaidi.

Basi mstari mnyoofu unapatikanaje? Kwa kuchomoa uzi. Unakata kidogo pembeni karibu na ukingo, unashika uzi mmoja wa mshindio kwa ncha ya pini, unauvuta polepole huku kitambaa kikijikusanya, na unapotoka unaacha mfereji mwembamba unaokwenda kutoka upande huu hadi upande ule. Kata ndani ya mfereji huo. Hakuna rula itakayokupa mstari wa kweli kuliko huo. Uzi ukikatika njiani, kata mpaka hapo ulipokatikia, uutafute tena, uendelee. Ni kazi ya subira, lakini ukiwa na leso ndogo mkononi haichukui muda, na ndiyo maana nasema muanze na leso. Kwa wiki za mwanzo nawashauri mnunue kitambaa cha miraba, kile cha drafti, ambacho mistari yake imefumwa na haikuchapwa. Hapo miraba yenyewe inakuonyesha nyuzi zinakokwenda, na jicho linazoea.

Kijana yule, kwa taarifa yenu, bado anashona suruali. Lakini sasa anachomoa uzi kwanza.

Niingie kwenye kitambaa. Ukienda dukani leo utaonyeshwa vitambaa vinavyong'aa, visivyokunjamana, vyenye bei nzuri, na muuzaji atakuapia kwamba ni pamba. Je, utamwamini? Omba kipande kidogo cha ukingoni, nenda nacho nje penye usalama, kichome. Uzi wa pamba huungua upesi kwa harufu ya karatasi, ukaacha majivu laini yanayopukutika. Uzi wa poliesta huyeyuka, ukajikunja na kuacha tone gumu jeusi. Mchanganyiko wa vyote viwili huonyesha tabia zote mbili. Sina ugomvi na poliesta mahali pake, na pazia la poliesta hudumu. Lakini mezani?

Kuna mwenye mgahawa mmoja aliyeagiza leso nzuri sana za rangi ya dhahabu, zinazong'aa, zikakunjwa kwa ustadi na kusimamishwa juu ya kila sahani. Wageni walikula biriani. Walipozichukua kufuta mikono, mafuta yalihama kutoka kidole kimoja hadi kingine na kurudi yalikotoka, kwa sababu poliesta hainywi unyevu jinsi pamba inavyonywa, na kabla ya matunda kuletwa kila meza ilikuwa inaomba karatasi za shashi. Leso za dhahabu zilibaki pale pale. Nilipomshonea nyingine za pamba ya kawaida, bila mng'ao wowote, zilichakaa kwa kutumiwa.

Kwa kujifunzia, kitambaa changu ni marekani. Ni pamba isiyopaushwa, rahisi kukata, rahisi kupiga pasi, haitelezi chini ya sindano, na bei yake haimtishi mtu. Pwani yetu inaifahamu tangu zamani. Katika enzi za Sultani Said merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilikuwa zikiileta Zanzibar, na mwaka 1833 Sultani alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Kutoka Zanzibar ilisafiri na misafara hadi bara ya mbali, ikipendwa kwa uimara wake kuliko nguo nyingine nyingi za wakati ule. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kule Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, viliivuruga biashara hiyo, na nguo za Uingereza na za India zikaingia kwa nguvu. Nchi hii baadaye ilijenga viwanda vyake vya nguo, Urafiki kule Ubungo, Dar es Salaam, kikiwa kimoja wapo, na pamba tunayo wenyewe kutoka Simiyu na Shinyanga. Basi mwanafunzi anayeanza na kitambaa hiki hajapewa kitambaa cha kudharauliwa.

Kabla ya mkasi, maji. Nasema tena: kabla ya mkasi, maji. Pamba mpya hupungua inapofuliwa mara ya kwanza, na kupungua kwa sentimita 3 hadi 5 katika kila 100 si jambo la ajabu. Kanga na kitenge vipya vina wanga unaovifanya vikakamae, na wanga huo ukitoka ndipo unapoona uzito halisi wa kitambaa. Mama mmoja wa mtaani kwetu alishona vitambaa vya meza kwa ajili ya harusi ya mpwa wake, kazi safi kabisa, vyote vikining'inia sawa. Majora yalikuwa mawili, yamenunuliwa maduka mawili, rangi moja. Siku ya harusi watu walisifu. Baada ya harusi vikafuliwa, vikaanikwa, na vilipotandikwa tena siku ya hitima ya jirani, vile vya jora la kwanza vilikuwa vimepanda juu na vile vya jora la pili vimebaki palepale, na meza zilizopangwa safu moja zikaonekana zimevaa sketi za urefu tofauti. Angefua kwanza, angeyaona yote haya kabla hajashika mkasi.

Rangi ikitoka, fueni peke yake mpaka maji yawe meupe. Wako watakaowaambia muweke chumvi, msiitegemee. Na kwa kuwa tumefika kwenye kufua, niseme neno moja la pembeni kuhusu manjano ya biriani na ya mchuzi, adui mkubwa wa kitambaa cheupe. Ukilipaka sabuni doa la manjano huwa jekundu ghafla, na watu hushtuka wakadhani wameharibu kitambaa. Hamjaharibu. Manjano hubadilika rangi yakikutana na sabuni kali. Suuzeni, kisha anikeni juani, kwa sababu mwanga wa jua huyafifisha manjano vizuri, na jua la Tanga mnalijua.

Sasa mahesabu. Wako wanaokimbia hesabu shuleni wakadhani cherehani itawaficha. Haitawaficha. Chukueni daftari. Tuseme meza ina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 75. Tunataka kitambaa kianguke sentimita 20 kila upande, na upindo wetu utakula sentimita 3 kila upande: 1 ya kukunja ndani na 2 za upindo wenyewe. Urefu wa kukata ni 120, ongeza 40, ongeza 6, unapata 166. Upana ni 75, ongeza 40, ongeza 6, unapata 121. Mnaona tatizo? Kitenge cha dukani kwa kawaida kina upana wa takribani sentimita 115, na baada ya kufuliwa kinaweza kubaki na 113. Hakitoshi.

Tufanye nini? Watu wengi hapa huunga kipande upande mmoja, mshono ukapita mahali pasipo na mpango, ukakwaruza sahani na kuinua bilauri. Msiunge hivyo. Ukilazimika kuunga, ongeza vipande viwili vya upana sawa, kimoja kila ubavu, ili mishono ishuke karibu na kingo za meza na katikati pabaki pazima. Lakini kwa mwanafunzi njia bora ni kupunguza mwanguko. Chukua 113, toa 6 za upindo, toa 75 za meza, unabaki na 32. Gawa kwa mbili, kitambaa kianguke sentimita 16 kila upande, na urefu nao uupunguze ulingane, yaani 120 na 32 na 6, sawa na 158. Sentimita 16 zinatosha mezani pa chakula, na zinawafaa zaidi wenye watoto wadogo wanaopenda kuvuta vitu. Yadi 2 ni takribani sentimita 183. Zinakutosha hata baada ya maji kuchukua sehemu yake.

Kumbukeni pia kwamba futikamba ina nyuso mbili, inchi upande huu na sentimita upande ule. Chagueni uso mmoja mwanzo hadi mwisho wa kazi.

Habari niipendayo kuliko zote katika hesabu ni ya bibi mmoja aliyeleta doti ya kanga iliyoandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone." Alitaka vifaa vya meza ya sikukuu, lakini alitoa sharti: jina la kanga lisikatwe. Mafundi wawili walikuwa wamemkatalia, wakisema kanga ni ya kujifunga. Mimi nilimwona ana haki. Jina ndilo linaloifanya kanga iwe ile na si nyingine, na kulipitisha mkasi katikati ni utovu wa adabu. Tulifua, tukapima, tukapata sentimita 146 kwa 107. Kanga ya kwanza hatukuikata popote: tulipinda ncha zake tu, ikawa kitambaa cha meza yake ndogo, jina likimtazama mgeni anayeketi upande wa mlangoni. Kanga ya pili tuliitazama kwa muda mrefu. Jina la kanga linakaa sehemu ya chini ya mji, yaani uwanja wa katikati wa kanga, juu kidogo ya pindo. Tukakata chini ukanda mmoja wa sentimita 35 kwa urefu wote wa 146, nao ukabeba pindo zima la chini na jina zima, ukawa kitambaa kirefu cha katikati ya meza yake ya chakula. Pakabaki sentimita 72 kwa 146. Ukigawa 72 kwa 36 unapata safu mbili. Ukigawa 146 kwa 36 unapata nne na chembe. Leso nane, baada ya upindo mwembamba wa sentimita 2 kila upande, kila moja sentimita 32 kwa 32, nyingine zikiwa na pindo ubavuni na nyingine mji mtupu. Kilichotupwa ni ukanda wa upana wa kidole. Bibi alizihesabu leso mara mbili, kisha akauliza kama doti nyingine aliyokuwa nayo nyumbani ingeweza kutoa tisa. Nilimwambia haiwezi, akaniambia nipime kwanza.

Nije kwenye pasi na pembe, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kazi inapoharibika au kupona.

Fundi aliyenifundisha alikuwa na baraza yake Ngamiani, hapa hapa Tanga, cherehani nyeusi ya Singer ya kuzungusha kwa mkono na pasi ya mkaa. Mwanafunzi alipomletea kazi hakuangalia uso wa kitambaa. Alikigeuza, akaangalia nyuma, akaangalia pembe, na kama hakuridhika alikirudisha bila kusema neno. Kimya chake kilikuwa kigumu kuliko matusi. Na kitu tulichokishangaa sisi vijana ni kwamba muda mwingi wa kazi yake aliupitisha mbele ya pasi, na cherehani aliifikia mwishoni, ikazunguka kidogo tu, kazi ikawa imekwisha.

Alitumia kadi ya katoni. Nawaomba kila mmoja wenu akate ya kwake leo: kipande cha katoni ngumu chenye urefu wa kiganja, kilichopigwa mstari kwenye sentimita 1 na mstari mwingine kwenye sentimita 2. Unaiweka kadi juu ya upande wa nyuma wa kitambaa, unakunja ukingo juu yake mpaka ufike mstari wa sentimita 1, unapiga pasi ukiwa umeishikilia, unaisogeza mbele, unapiga tena. Ukimaliza pande zote nne unarudia, safari hii kwa mstari wa sentimita 2. Ukitumia pasi ya mkaa, wekeni kitambaa chakavu katikati, majivu yasiangukie kazi. Kitambaa kilichopigwa pasi hivi kinajua kinakokwenda. Hakihitaji pini nyingi, na asiye na uzoefu anaweza hata kukipiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono ili awe na amani zaidi.

Sasa pembe. Ukikunja upande huu na kisha upande ule bila mpango, pembeni panajazana tabaka juu ya tabaka, sindano inagoma, pembe inavimba na kuinuka. Fanyeni hivi. Ukunjo wa sentimita 1 uacheni ulivyo. Fungueni ule wa sentimita 2 peke yake. Pembeni mtaona alama mbili za pasi zikikatana. Kunjeni ncha ya pembe kuelekea ndani kwa mshazari, ili mkunjo upite sawasawa juu ya mahali alama hizo zinapokatana. Pigeni pasi. Kateni ncha iliyozidi, mkibakiza kama nusu sentimita kutoka kwenye mkunjo. Kisha rudisheni kunjo za sentimita 2, upande wa kwanza, upande wa pili. Pande mbili zitakutana kwa mstari mmoja wa mshazari kutoka pembe ya nje hadi pembe ya ndani, bila uvimbe. Jaribuni kwanza kwenye karatasi ya daftari, kwa maana karatasi hushika mkunjo bila pasi na mnaweza kuifungua na kuirudia mpaka mikono ielewe.

Cherehani ije mwisho. Kwa pamba ya marekani au ya kitenge sindano namba 14 inafaa, na hatua za sindano ziwe kati ya milimita 2.5 na 3. Wenye cherehani ya kukanyaga, anzisheni gurudumu kwa mkono likizunguka kuja upande wenu, ndipo mguu ufuate. Likirudi nyuma uzi unakatika na bobini inajisokota. Zoezi la zamani la kushona bila uzi juu ya karatasi yenye mistari ni zuri, nami nitawapa, lakini alasiri moja inatosha. Yako madarasa yanayomkalisha mwanafunzi kwenye karatasi kwa wiki nyingi, na sioni faida yake. Karatasi haivutiki, haiteleziki, wala haina nyuma na mbele.

Msianze mshono pembeni. Anzeni katikati ya upande mmoja, mshone karibu na ukingo wa ndani wa upindo, kama milimita 2 kutoka ukingoni. Mkifika pembeni simamisheni sindano ikiwa imezama ndani ya kitambaa, inueni mguu unaobana, geuzeni kitambaa, shusheni mguu, mwendelee. Mkifika mlikoanzia, pitisheni mshono juu ya mshono kwa sentimita chache. Cherehani zisizorudi nyuma, kama ile ya mwalimu wangu, haziwazuii kufanya hivyo. Uzi wa bobini ukijitokeza juu, uzi wa juu umekazwa mno. Vitanzi vikijaa chini, uzi wa juu umelegea au haukupita njia yake yote, nanyi utoeni wote muupitishe upya kabla ya kugusa skrubu yoyote. Asiye na cherehani nyumbani asikate tamaa, kwa sababu leso inapindwa kwa mkono, jioni moja leso moja, na pembe za mkono mara nyingi huwa nzuri kuliko za cherehani.

Nimeulizwa hapo nje kuhusu meza za duara, kuhusu lasi na kuhusu kudarizi. Meza ya duara ina upindo wa mviringo, nao unahitaji utepe uliokatwa mshazari. Tutafika huko, si mwezi huu. Lasi ni nzuri ikishonwa juu ya upindo ulionyooka, na juu ya upindo uliopinda inatangaza upotofu kwa mtaa mzima. Kudarizi nitawaachia mama zetu waliokaa nyuma pale, ambao vitambaa vyao vya makochi mmeviona na hakuna haja ya mimi kujitia mjuzi mbele yao.

Na je, vitauzika? Leso za pamba sita zilizolingana, zikafungwa pamoja na kitambaa chao cha katikati, hununuliwa kwa zawadi ya harusi na kwa zawadi ya kuhamia nyumba mpya. Na mama lishe anayetandika meza yake huwaketisha watu ambao wangepita. Lakini mnunuzi wa leso sita huziweka moja juu ya nyingine. Hilo ndilo jambo la kwanza atakalofanya mbele yenu, kabla hajauliza bei. Zikizidiana kwa nusu sentimita ataona, na hapo hakuna maneno mtakayomwambia. Kwa hiyo kateni zote siku moja, kutoka kitambaa kimoja kilichofuliwa pamoja, na mzikunje kwa kadi moja.

Ndugu mwenyekiti, nimemaliza sehemu yangu ya maneno. Vitambaa vya marekani vilivyofuliwa jana viko juu ya meza ndefu upande wa dirishani, na kila mwanafunzi achukue kipande kimoja, aanze kuchomoa uzi. Katoni ziko kwenye kapu, mikasi ni mmoja kwa watu watatu, na pasi zimeshapashwa. Mafundi wenzangu, naomba mzunguke kati ya meza na mtazame upande wa nyuma wa kila kazi. Wazazi wanaotaka kujaribu nao wanakaribishwa. Mama yangu wa safu ya mbele, kiti chako nimekiweka karibu na pasi. Ahsanteni sana.